Nani Atachemsha Maji Huko Unakokwenda

Athieno mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Kwapa kumuaga bibi yako, na najua hutarudi mapema, maana bibi yako hamruhusu mtu kuondoka kabla hajala mara mbili. Kwa hiyo nimepata nafasi. Nimeketi jikoni kwenye kigoda chako, kimea nimekianika uani na kuku wananijaribu. Ukiona mwandiko umeruka mahali, ujue niliinuka kuwafukuza.

Sikuandikii habari za sweta, wala dawa, wala kupiga simu ukifika. Hayo nimekwisha kuyasema mpaka umeyakariri, na nimekusikia ukiniigiza ukidhani nimelala. Nakuandikia kwa sababu ya Jumapili. Tangu Jumapili mimi na wewe tunazungumza habari za chumvi na sabuni tu, utadhani wapangaji wawili wasiopendana, na kesho asubuhi gari linakuja kukupeleka uwanja wa ndege Entebbe. Nimekasirika, Athieno. Sitaki uijue hasira yangu kwa kukisia ukiwa mbali. Nataka uisome.

Nikukumbushe ulichosema, kwa kuwa wewe ukishasema jambo unalisahau, na hilo umelitoa kwa baba yako. Tulikuwa tumemaliza kula. Nikakuuliza kwa wema kabisa, huko jangwani mnakwenda kufanya nini hasa? Nilikuwa nimeelewa nusu tu: watu sita wa nchi mbalimbali, mnafungiwa mwaka mzima ndani ya nyumba iliyojengwa kwa mfano wa zile ambazo watu wataishi siku moja kwenye sayari nyingine. Hamtoki nje bila kuvaa yale mavazi makubwa, na wewe ndiye wa kuotesha mboga pasipo udongo. Nilikuwa najivuna. Pale sokoni nimeisimulia habari hiyo mpaka wauza nyanya wakiniona wananitangulia kuisema. Nilitaka unisimulie habari za mboga. Wewe ukasema:

"Mama, hapa hakuna kitu inasimama. Watu wanajenga, wanabomoa, wanajenga tena. Na si sisi tu, dunia yote iko hivyo. Binadamu ameshindwa. Afadhali tuanze upya mahali hakuna mtu amechafua."

Nikakuuliza, "Na huo mwaka ukiisha?"

"Natafuta njia ya kubaki huko huko. Mimi sirudi kukaa hapa, Mama. Usiningoje."

Halafu ukainuka, ukaenda pale ukutani tunapoangika mirija ya kunywea pombe, ukatoa wako, ule ambao wazee walikupa siku ulipohitimu chuo, ukauweka mezani mbele yangu. "Hii mpe mtu mwingine," ukasema, "isikae bure." Ukaenda kulala.

Wewe umezaliwa kwenye nyumba ya malwa. Pombe hii ya wimbi ndiyo iliyokuvisha sare za shule. Kabla hujajua kusoma, ulijua kwamba watu wakizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, anayetoka kidogo hauchomoi mrija wake. Anauacha ndani ya chungu, anamshikisha jirani, anasema "nishikie," anakwenda zake. Hata akichelewa, kigoda chake hakikaliwi. Lakini anayeuchomoa, akaufuta na kuulaza chini, huyo ameaga chungu. Nafasi yake anapewa mwingine na hakuna wa kulaumiwa. Sheria hiyo unaijua kuliko unavyoijua sala ya Baba Yetu, kwa hiyo usiniambie kwamba Jumapili ulikuwa unapanga vyombo.

Basi nikujibu, maana siku ile nilishindwa. Nilibaki naufuta mrija kwa pindo la leso kama mjinga.

Kwanza, umesema kweli. Hapa hakuna kinachosimama. Kule kwetu Bulumbi tulichimbiwa kisima cha pampu nikiwa msichana. Siku ya kuzindua kulikuwa na hema, ngoma, hotuba zisizoisha na mbuzi wa kuchinja. Kamati ikachaguliwa palepale. Kisha ule mpira mdogo wa ndani ya pampu, ambao si mkubwa kuliko kifuniko cha chupa ya soda, ukachakaa. Tulikuwa na mwenyekiti, makamu, katibu, mwekahazina na mjumbe wa akina mama, na hatukuwa na mtu wa mpira. Tukarudi mtoni na ndoo zetu. Baadaye wakaja wafadhili wengine wakatuchimbia kisima kipya, jirani kabisa na kile cha zamani, na ngoma zikapigwa tena, na mimi nikacheza. Nilicheza kweli, Athieno. Ile pampu iliyokufa ilikuwa inatutazama na sisi tunacheza.

Na huu mpaka wenyewe unaotulisha. Ulikuwa mkubwa wakati ule mpaka ulipofungwa kwa ajili ya ugonjwa, uliona. Watu waliokuwa wakivuka kwenda kununua sukari na kurudi kabla chai haijachemka, waliambiwa kila mmoja abaki upande wake. Barasa, yule wakala wa forodha wa upande wa Kenya ambaye alikunywa hapa uani kwetu tangu hujazaliwa, alikuwa anasimama ng'ambo ile anapiga simu na kutupungia mkono. Haikupita muda watu wa huku wakaanza kusema wale wa kule ndio wenye ugonjwa, na wa kule wakasema hivyo hivyo juu yetu. Watu walioozeshana watoto! Nilidhani urafiki wa mpakani una mizizi mirefu. Kumbe ulikuwa unashikiliwa na kule kuvuka kila siku, na kuvuka kulipokatika, ukalegea.

Kwa hiyo usifikiri mama yako anaiona dunia imetulia. Nayaona yanavyolegea, na yananichosha. Ninachokasirikia ni dawa yako. Dawa yako ni kuhama, na ya kuhama mimi nimeiona ikinywewa katika nyumba hii mpaka chupa ikaisha.

Unakumbuka baba yako akitoka na kigoda kichwani? Ulikuwa mdogo, ulikuwa unacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Mwanzoni chungu kilikuwa hapa uani, chini ya lile banda la mabati. Baba yako alikuwa fundi wa malori, akishuka kwenye foleni ya magari pale mpakani jioni anakuja moja kwa moja. Alikuwepo Mwalimu Egesa, alikuwepo Barasa, na wengine wa pande zote mbili. Maneno yao yalikuwa hayo hayo yako: kwa nini nchi zinaanguka, kwa nini watu hawakai pamoja. Wameangusha serikali nyingi kwenye chungu kile, mpaka za Ulaya. Na pombe yetu unaijua, ni lazima iongezwe maji ya moto kila baada ya muda, la sivyo inapoa, inakuwa chachu tupu. Basi katikati ya kuangusha serikali unasikia, "Mama Athieno, maji iko wapi? Hii kitu imelala." Nami nainuka na birika.

Nitakwambia ambalo sikuwahi kulisema: nilipenda. Nilipenda wanavyonyamaza nikija, wanavyosogeza magoti nipite. Miaka yote ile hakuna mwanamume aliyejua maji yanatoka wapi, na mimi sikutaka wajue. Nilidhani kwa kuwabeba nakiimarisha chungu.

Kisha nikaumwa mgongo, ule mwaka ulipokaa kwa bibi yako. Sikuweza kuinua hata sufuria. Nilikuwa nimelala chumbani, dirisha wazi, nawasikia. Chungu kilianza kupoa na wao wakaanza kutazamana.

Egesa akasema, "Mimi ni mwalimu bwana. Mwanafunzi akiniona na birika, kesho nafundisha nani?"

Barasa akasema, "Mimi hapa ni mgeni. Kwetu mgeni hachemshi maji."

Na baba yako, Okoth wangu, mtu ambaye kutwa nzima alikuwa anawagombeza madereva kwamba injini haiendi bila oili, akasema, "Hiyo ni kazi ya jikoni."

Hivyo kwa siku kadhaa. Na jambo lililoniuma hata leo ni kwamba hakuna aliyesema maji yamekosekana. Walisema pombe imeharibika. Kisha wakasema watu wamebadilika, wa upande ule wana dharau, wa upande huu wana wivu. Mwishowe baba yako akasimama akasema, "Hapa pamekufa. Twendeni tuanzishe yetu mpya, mahali pasafi." Nusu yao wakachomoa mirija.

Wakaenda Buteba, kwenye kiwanja cha rafiki yake mmoja. Hewa nzuri, hakuna vumbi la malori. Waliandika katiba, na ratiba ya kuchemsha maji kwa kalamu nyekundu. Baba yako alirudi nyumbani siku za kwanza anang'aa. "Mama Athieno, huko watu wanagombania birika! Hata mimi nimechemsha." Nikafurahi naye, ingawa ilinichoma kidogo kwamba huko amechemsha na hapa alishindwa. Nilikuwa nawapelekea pombe kwa pikipiki. Kumbuka hilo. Wimbi lilikuwa lilelile, kimea kilekile, na waliokaa walikuwa walewale.

Upya ukaisha. Ratiba ikalowa mvua na hakuna aliyeiandika tena. Kila mmoja akakumbuka cheo chake. Wakagombana, wakasema Buteba pamechafuka, wakahamia Kwapa karibu na kwa bibi yako, wachache zaidi. Kila safari baba yako alikuwa wa kwanza kubeba kigoda, na kila safari macho yake yalikuwa na ule mwanga ninaouona kwako sasa unaposema hilo neno lako, "upya." Ndiyo maana nilishindwa kukujibu Jumapili. Nilimwona yeye.

Wewe siku mliyopanda Mwamba wa Tororo na wenzako wa shule ulirudi unasema, "Mama, juu kule mpaka hauonekani, ni nchi moja tu ya kijani." Nilikuacha na furaha yako. Lakini mwanangu, juu kule hata watu hawaonekani. Ndiyo maana panapendeza.

Sasa nifike pale pagumu, kwa kuwa nimeanza barua hii nikitaka kukushinda, na kweli hainiruhusu.

Siku moja baba yako alirudi kutoka Kwapa na kigoda chake na mrija wake, akaketi jikoni hapa nilipoketi. Nikangoja aniambie wanahamia wapi tena. Akauliza tu, "Birika iko wapi?" Akachemsha maji mwenyewe, akayabeba mpaka uani kwa wale waliokuwa wamebaki na kile chungu cha kwanza. Walimcheka, nakwambia. "Okoth amekuwa mwanamke!" Akamimina, akamwekea Mwalimu Egesa birika miguuni. "Kesho ni wewe," akamwambia. Egesa akatazama huku na huku kutafuta mwanafunzi wa kumwona. Kesho yake akachemsha.

Nilimuuliza baba yako amelitoa wapi. Akasema Kwapa, mwishoni, walikuwa wamebaki watatu. Huko hapakuwa na mke wa mtu karibu, wala wa kumlaumu, wala pa kuhamia tena. Pombe ikipoa inapoa mbele ya macho yao wote watatu. Basi wakaanza zamu, bila katiba wala hotuba. Chungu hicho nacho kilikufa kwa mambo mengine, lakini zamu aliirudisha nyumbani.

Ilimchukua vyungu vitatu na kuzunguka kote kule kujifunza kuchemsha maji, jambo ambalo mtoto analijua. Nikilifikiria naweza kulia kwa hasira. Lakini alijifunza, na hapa asingejifunza kamwe, kwa sababu hapa nilikuwepo mimi. Hilo nakubali kwa shingo upande: iko faida ya kwenda mbali. Mahali papya hapamgeuzi mtu kuwa mwingine. Panamwondolea wa kujificha nyuma yake, basi, na akiwa na bahati anajiona. Wengi hawajioni, wanabeba kigoda tena.

Tangu baba yako atutoke, nimejitahidi zamu isife. Jumamosi iliyopita ilikuwa ya Barasa. Alikaa. Nikamtazama, akanitazama. "Mama Athieno," akasema, "leo mgongo yangu inauma." Mgongo, Athieno! Mbele yangu mimi! Na unajua nilifanya nini? Nilichukua birika. Nilikwenda, nikachemsha, nikamimina, wakasogeza magoti nipite, na nilipofika jikoni nilitaka kulivunja. Miaka yote hii na bado mkono wangu unakwenda wenyewe. Ukiniuliza kwa nini binadamu hawatulii, mimi sina jibu la chuo kikuu. Naona tu kwamba kila kilichotengenezwa kinadai kutengenezwa tena kesho, na hakuna ngoma inayopigwa kwa ajili hiyo, na watu wanachoka, nami nachoka.

Basi huko kwenye nyumba yenu. Uliniambia mtakuwa sita, wote wasomi, mmechaguliwa miongoni mwa watu wengi. Nilikuuliza nani atasafisha choo, ukacheka. "Kuna ratiba, Mama." Najua ipo. Wiki za kwanza mtagombania birika, mtapiga picha, mtaniandikia kwamba huko ni mbinguni. Itafika siku hakuna anayepiga picha. Mmoja atakumbuka cheo chake, mwingine atakumbuka nchi yake, na kitu kidogo kitaachwa, sijui ni kitu gani huko kwenu, kichujio au ndoo. Hakuna atakayesema ndoo imeachwa. Watasema mradi umeharibika. Watasema watu wamebadilika. Ukilisikia hilo, nakuomba, kabla hujaanza kufikiria sayari nyingine, nenda kwanza ukaitazame ndoo.

Na ukiitazama, usiibebe peke yako kila siku. Hapo ndipo ninapokuogopea zaidi, maana una mikono yangu ingawa una macho ya baba yako. Utawabebea, watakupenda, utapenda kupendwa, na mwaka utaisha hakuna aliyejifunza kitu. Mwekee mtu birika miguuni. Atakuchukia kwa muda. Mimi sikuwahi kuthubutu.

Sikukatazi kwenda. Nilitaka kukukataza, nilikuwa na maneno yake tayari, na nikiyaangalia sasa naona mengi yalikuwa woga. Naogopa kubaki na mirija ukutani isiyo na wenyewe. Wa baba yako uko pale, hauwezi kuwa wa mtu mwingine, na siwezi kuangika wako kando yake kana kwamba nyote wawili mmekwenda mahali pamoja. Hilo ndilo lililonikasirisha, kuliko sayari zote. Ukiwa hutaki kurudi kukaa, usikae. Njoo utembee, njoo uondoke tena. Lakini mtu akienda mbali akajifunza namna moja tu ya kukaa na wenzake, halafu asiirudishe, sisi tuliobaki tutaipata wapi? Barasa bado anaumwa mgongo.

Mrija wako sijampa mtu. Uko mezani pale ulipouacha, nimekula kando yake siku zote hizi. Kesho asubuhi nitakuwa nimeweka chungu kidogo hapa jikoni, na maji ya moto nitakuwa nimeyachemsha mimi, kwa mara hii tu. Gari likipiga honi na wewe unataka kupita, pita, chapati zako zitakuwa zimefungwa kwenye mfuko na sitasema kitu. Ila ukiweza, uchukue mrija, uutie chunguni, unishikishe. Huhitaji kunywa, najua inakukohoza. Huhitaji kuahidi siku ya kurudi wala kuniomba radhi. Sema "nishikie," uende. Mkono huu umebeba birika miaka yote, mrija hautaushinda.

Mama yako,
Nabwire